Petroli ya Bei na Goti la Shangazi

Nyumbani, 9 Februari

Kwako mdogo wangu uliye mbali,

Naziweka salamu mbele, nawe uzisome, usiruke mistari kutafuta habari za gari. Nakujua. Sisi huku wazima, Mungu ametushika. Shemeji yako ananyoa watu kama kawaida, ila kiuno kinamsumbua kwa kusimama kutwa. Nilimwambia anyoe amekaa, akaniuliza basi wateja walale sakafuni? Cherehani yangu ilianza kuruka nyuzi, nikaitia mafuta na maombi kidogo, imetulia. Sijui kipi kati ya viwili hivyo kimeiponya, nashukuru kwa vyote.

Shangazi anakusalimu, lakini salamu zake hazina nguvu. Goti limeukataa mlima wa kanisani. Tangu mwaka uanze hajaongoza kwaya. Pikapu ya shemeji yako hataki hata kuisikia, anasema kuipanda kunahitaji goti zima na heshima nusu. Basi anakaa dirishani na khanga mabegani, hata redio hawashi. Kwaya nayo, mdogo wangu, tunaimba kila mtu na njia yake. Jumapili iliyopita mchungaji alifumba macho tangu ubeti wa kwanza, na sidhani alikuwa anasali.

Sasa gari. Lipo uani, jekundu vile vile, limevaa lile turubai nililolishonea, na vioo vyake vya pembeni kila kimoja kina kifuko chake. Linawashwa kila wiki kama ulivyoagiza. Petroli ya daraja la juu nimenunua. Dada wa pampu aliniuliza, “Mama, hii ya bei unaitia gari gani?” Nikamwonyesha dumu. Alicheka mpaka akashikilia pampu.

Nina swali dogo. Hiyo petroli ya daraja la juu, wanayoiita ya oktani kubwa, ina faida gani hasa kuliko ya kawaida? Nauliza tu. Halafu klachi ya gari lako, ni ngumu kuliko za magari mengine, au zote ndivyo zilivyo? Hilo nalo nauliza tu.

Dadako wa cherehani


Kambini, 2 Machi

Dada yangu, mlinzi wa hazina,

Barua yako ilifika na lori la vyakula, ikinuka vitunguu. Usishangae majibu yakichelewa. Huku mtandao haupo, lori ndilo posta, na lori likizama mchangani sote tunangoja, mimi nikingoja barua na wachimba visima wakingoja nyama. Afya yangu nzuri. Wanaume hawa wanakula kama wanaoagana na chakula. Jana mmoja alisifu supu yangu, kumbe alikuwa amekunywa maji niliyooshea sufuria. Sikumwambia.

Goti la Shangazi limenihuzunisha. Mkande kwa maji ya moto.

Kuhusu gari, Dada, nisikilize vizuri. Lile si gari, ni amana. Mzee wa Mbio nilimpikia miaka mpaka anafumba macho, na wewe unajua hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia. Alinishika mkono akaniambia, “Mpishi, usilinyweshe takataka.” Ndiyo maneno yake ya mwisho, ukiacha kwamba aliomba chumvi. Kwa hiyo hapa hakuna mjadala. Petroli ya daraja la juu hulitia gari la mbio nguvu, hulisafisha tumbo, hulirefushia maisha, na mimi naamini hata rangi hung’aa. Ukilitia ile ya kawaida litaanza kugonga. Ikigonga injini ya namna ile, ni kama kumpiga ngumi marehemu.

Utaratibu ni ule ule. Funua turubai, washa, liache lingurume, zima, funika. Lisitoke getini hata kwa dharura.

Klachi unaiulizia nini? Klachi haihusiki na kuwasha.

Mdogo wako wa masufuria


Nyumbani, 25 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Mungu ni mwema, naandika nikitabasamu. Shemeji yako kiuno kimepungua maumivu. Mimi nimeanza masomo ya jioni. Kwa umri huu nilidhani kichwa kimefunga, kumbe mlango upo, umeshika kutu tu. Mwalimu wangu ni mkali, ananiita “Mama Taratibu”, lakini amesema nitafaulu.

Habari kubwa ni hii. Shangazi amerudi kwaya! Goti ni lile lile, lakini njia imepatikana. Jumapili aliingia kanisani ameshika kile chuma chake cha kupatia sauti ya kuanzia wimbo, akakigonga mezani, akasikiliza, akatutazama. Akasema, “Mmefanya nini na nyimbo zangu?” Mama mmoja wa safu ya nyuma alilia. Tukaimba, na mara hii mchungaji alisali macho wazi.

Barua yako niliisoma kwa sauti mezani, na hapo nilikosea. Shemeji yako aliposikia habari za nguvu na kusafisha tumbo, kesho yake akaijaza pikapu petroli ya daraja la juu. Sasa anasema pikapu inaruka. Anavaa miwani ya jua kwenda kununua wembe. Juzi tulipitwa na mzee wa baiskeli aliyebeba kabati. Shemeji yako akasema, “Huyo anateremka.” Barabara ilikuwa tambarare, mdogo wangu. Nikaimba kimoyomoyo.

Jambo lenyewe: ile petroli uliyoniachia maagizo yake imekwisha. Nitanunua nyingine. Ila niambie, kama mtu angetia ya kawaida kwa muda mfupi tu, tuseme kwa sababu pampu ya ile nzuri imeharibika, gari lingejuaje?

Dadako anayekuombea


Kambini, 14 Aprili

Dada,

Salamu kwa wote. Hongera kwa masomo, nadhani ni ya Biblia, uniambie umefikia kitabu gani. Hongera pia kwa Shangazi. Uliona? Maji ya moto.

Sasa nimekaa juu ya gunia la unga, naandika nikiwa sina raha. Imekwishaje? Dumu lile, kwa kuwasha na kuzima, lingefika mwisho wa mwaka na kubaki la kufulia madoa. Nimefikiri usiku na mchana. Ama tangi linavuja, ama kuna mwizi. Piga magoti utazame chini ya gari kama kuna unyevu. Kama pakavu, basi samahani sana, lakini ndani ya nyumba hiyo kuna mtu mmoja anayevaa miwani ya jua na kuendesha pikapu inayoruka. Sisemi zaidi. Mfiche mpira wa kunyonyea mafuta.

Swali lako la petroli ya kawaida nimelitoa hadharani wakati wa chakula cha jioni, na kambi imegawanyika. Msimamizi anasema petroli ni petroli, tofauti ni rangi ya pampu. Dereva wa lori anasema ile nzuri ni tamu zaidi. Sikutaka kujua amejuaje. Fundi wa mitambo, ambaye huwa haongei wakati wa kula, alisema inategemea gari, akaendelea kutafuna. Wote waliosema mafuta ni mafuta tu nimewapa chai bila sukari. Nikawaambia sukari ni sukari tu, hata isipokuwepo.

Usitie ya kawaida. Pampu ikiharibika, subiri itengenezwe.

Mdogo wako


Nyumbani, 6 Mei

Mdogo wangu,

Amani iwe nawe, maana hapa uliivuruga kidogo. Shemeji yako aliisoma barua yako kabla yangu. Alikasirika akarudi kazini, akamnyoa mteja upande mmoja wa kichwa, akaenda zake kunywa maji na kusahau upande wa pili. Mteja alitembea mtaani hivyo hivyo. Umwombe radhi shemeji yako, si mwizi. Tena ile petroli ya bei ameiacha. Alipigia hesabu nyembe ambazo angenunua, akasema pikapu imezeeka vya kutosha kujikubali.

Tangi halivuji. Nilipiga magoti kweli nikatazama, na nilipokuwa pale chini nikasali kabisa.

Sasa nakuandikia jambo linalonikosesha usingizi. Pampu ya ile nzuri iliharibika kweli. Nilidhani nimeisemea tu, ikawa. Nikatia ya kawaida. Nisamehe. Mwanzoni hakuna aliyeona tofauti. Shangazi alikuwepo, unajua masikio yake, huyu ni mtu anayesikia mbu akiwa na mafua. Akafumba macho akasikiliza injini, akasema, “Huyu mbona ni yule yule.” Tambarare yote, yule yule. Nikafurahi, nikasema mdogo wangu anajisumbua bure.

Halafu baadaye nilipokanyaga mafuta zaidi likaanza. Ka-ka-ka-ka, kama shanga zinazomwagikia sufuriani. Shangazi akafumbua macho. “Huyo soprano,” akasema, “anaingia kabla ya mkono wangu!” Akapiga chuma chake kwenye kioo akasikiliza, akasema hata sauti yenyewe si ya wimbo wowote anaoujua. Nikapunguza mguu, likaacha. Nikakanyaga, likarudi. Shangazi akanyoosha mkono kulikataza kama anavyotukataza sisi.

Pampu ilipotengenezwa nikatia ile nzuri, tukasikiliza mahali pale pale. Kimya. Yaani kelele zake zote zipo, lakini shanga hakuna.

Sasa niambie kweli, usinifiche: nimeliharibu? Nimemchokoza marehemu?

Dadako mwenye hofu


Kambini, 27 Mei

Dada.

Nimemsomea fundi wa mitambo barua yako neno kwa neno. Safari hii aliacha kutafuna.

Kasema hivi. Hiyo oktani si nguvu, wala sabuni ya tumbo, na habari ya rangi kung’aa alicheka. Ni uvumilivu. Injini hubana mvuke wa petroli kabla ya kuuwasha kwa cheche ya plagi. Gari la mbio kama langu hubana sana. Petroli ya kawaida ikibanwa hivyo huwa haingoji, sehemu yake hulipuka yenyewe kabla ya zamu yake, na ndiyo hizo shanga zako. Ile nzuri hungoja. Pikapu ya Shemeji haibani kiasi hicho, kwa hiyo petroli yoyote hungoja, ndiyo maana hakupata kitu zaidi ya miwani. Niombee radhi kwake. Anasema hukuliharibu, kwa kuwa ulipunguza mguu. Mtu akilikanyagia huku linagonga, akaendelea hivyo hivyo, ndipo hutoboa pistoni.

Hayo yalinifariji kwa muda wa kufumba na kufumbua. Kisha fundi akanywa maji akasema, “Lakini mpishi, injini iliyosimama uani haigongi hivyo. Hugonga ikibeba mzigo. Ikipanda.”

Kambi nzima ikanitazama.

Ikipanda, Dada. Mlima gani? Na mzigo gani? Nyumba yetu iko tambarare na uani pako tambarare. Najua mlima mmoja tu mtaani kwetu, na juu yake pana kanisa, na najua mtu mmoja ambaye goti lake halipandi na ambaye amerudi kwaya. Na hayo masomo ya jioni ni ya nini? Na klachi! Tangu Februari uliniuliza klachi!

Uliniandikia kwamba linawashwa kila wiki. Hukuniambia linazimiwa wapi.

Funguo mpe Shemeji, azifungie katika kabati la wembe. Turubai lirudi. Gari lile si la kupandia milima na watu. Lile ni la Mzee.

Sina la kuongeza.


Nyumbani, 15 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Sote wazima.

Funguo ziko katika kabati la wembe. Nilizipeleka siku ile ile barua ilipofika, kabla sijavua viatu. Shemeji yako hakutaka kuzipokea, nikamwambia mwenye gari amesema.

Uongo sikukuandikia, lakini najua nilipita pembeni mwa ukweli kama mtu anayekwepa tope. Masomo yalikuwa ya udereva. Nimefaulu, leseni ninayo, picha yake imenitoa kama mtu aliyekamatwa. Nilimwona Shangazi pale dirishani bila redio, mdogo wangu, nikashindwa. Lile gari liko chini, mtu haupandishi mguu, unajimwaga tu ndani kama unakaa mkekani. Goti halikusema kitu. Kushuka ndiko kazi, lakini kwaya nzima hutoka kumvuta, nao huimba wakivuta.

Sasa amerudi dirishani. Hanilaumu. Jumapili tumeimba wenyewe. Nisikwambie tulivyoimba.

Neno moja nalisema, kisha nimemaliza. Siku ya kwanza nilipolitoa, geti la uani, ambalo ndilo njia pekee ya gari, halikufunguka. Mmea unaotambaa ulikuwa umelishona kwenye nguzo zote mbili, mashina yake manene kama kidole gumba. Nilikata kwa mkasi wa nguo mpaka ukawa butu. Nikakumbuka jioni zako, ukivaa zile glavu za ngozi za Mzee, unaniambia, “Dada, naenda kulizungusha kidogo.” Nikawa nasikia likinguruma, nashona, nafurahi kwa ajili yako. Kisha unarudi umelowa jasho, unavua glavu kidole kimoja kimoja.

Mimi sikuulizi kitu. Nimekwambia tu habari za geti.

Shangazi yuko hapa kando, anasema niandike maneno yake kama anavyoyatoa, nami nayaandika:

“Wee mpishi! Mimi nilikubeba mgongoni una kamasi mpaka shingoni kwangu, sikuambii uninunulie gari. Nakuuliza tu. Huyo mzee wako alikuachia gari au alikuachia jeneza? Maana gari hutembea. Unalinunulia petroli ya kifalme lilale! Mimi nikiwa na soprano mzuri simfuniki turubai. Tena mwambie huyo fundi wenu ananipendeza, ana masikio. Ameoa? Basi, nimemaliza. Usifute neno, wewe fundi cherehani, naona unavyokunja mdomo.”

Sikufuta.

Dadako


Kambini, 8 Julai

Dada yangu mpenzi sana,

Salamu nyingi zikufikie wewe, na Shemeji na kiuno chake, na yule mteja wake kama nywele zimeota. Huku ni joto. Tumepata kisima chenye maji matamu, wachimbaji wakamwagiana kama watoto, wakaja kula wakiwa wamelowa. Nilipika wali ukaungua chini, wakaugombania ule ulioungua. Kuna siku watu wakiwa na furaha hukosei kitu jikoni.

Leseni ni jambo kubwa. Nilipaswa kuandika hilo mwanzo. Hongera, Dada. Baba angekuwepo angeitembeza hiyo leseni nyumba hadi nyumba.

Kuhusu geti, nashukuru kwa kulisafisha.

Fundi wa mitambo ana jambo. Anasema betri ya gari haipendi kuwashiwa uani na kuzimwa. Inatoa zaidi ya inavyorudishiwa. Tena petroli ile nzuri, anasema, kwa gari linalonguruma limesimama ni sawa na ya kawaida kabisa, haipati kazi ya kufanya. Nilimbishia. Akaniuliza kama nataka gari au nataka kuwa sahihi. Basi anashauri lipate mwendo, walau kila wiki. Mwendo wenye mlima kidogo. Nilimuuliza mwendo wa kiasi gani, akasema kama wa kutoka nyumbani hadi kanisani. Ni ushauri wa kitaalamu, siwezi kubishana nao. Shemeji afungue kabati. Ni kwa ajili ya betri.

Mwambie Shangazi kwamba fundi ameoa.

Halafu fundi anauliza kitu kingine, si mimi, ni yeye. Likiwa mlimani, limetiwa ile nzuri, bila zile shanga, linasikikaje? Andika vizuri, usifupishe. Anasema anapenda kujua.

Mdogo wako


Nyumbani, 30 Julai

Mdogo wangu wa moyoni,

Barua yako niliisoma dukani kwangu nikiwa na sindano mdomoni, nusura niimeze kwa furaha. Mungu akubariki, wewe na betri yako. Shemeji yako alifungua kabati mbele ya wateja wote, akazileta funguo kwenye sinia la wembe, kichwa ameinamisha kama mhudumu wa hotelini. Shangazi alikuwa tayari mlangoni, amevaa, anatuambia tumemchelewesha.

Sasa sikiliza, umwambie huyo fundi.

Tukiwa tambarare linanong’ona tu, kama watu wanaosubiri ibada ianze. Petroli nzuri au ya kawaida, hapo hakuna tofauti, nimerudia kusikiliza na Shangazi amethibitisha. Tunapita duka la viatu, tunapita nyumba ya dada wa pampu, tunafika pale chini mlima unapoanza. Naingiza gia ya pili. Nasema kimoyomoyo, Bwana, nishike mguu. Nakanyaga.

Hapo sauti inatoka nyuma ya mgongo, mdogo wangu, maana injini ya hili gari iko nyuma, inaanza chini kama besi zile za wazee wanaokaa karibu na nguzo. Inapanda kidogo kidogo. Huisikii kwa masikio, unaisikia mbavuni. Kiti kinakusukuma kama mtu anayekwambia, nenda tu, nipo. Tukifika kwenye kona yenye ukuta, sauti inagonga ukuta na kuturudia, zinakuwa sauti mbili, na hapo Shangazi huingia na ya tatu. Anaimba, kila mara, mkono nje ya dirisha, akiliongoza. Hakuna shanga. Hakuna aliyeingia kabla ya mkono. Tukifika juu nazima, na ule ukimya unaobaki nao ni mtamu, unaona aibu kuuvunja kwa kufunga mlango.

Siku ya kwanza niliyolipandisha nililia. Nilimlilia yule Mzee wako, kwamba alijua sauti hii akaiacha kwetu. Sidhani alimaanisha petroli tu aliposema takataka.

Ndivyo linavyosikika. Msomee fundi polepole.

Kwaya imealikwa kuimba mji wa jirani. Wengine watakwenda na pikapu. Nadhani unajua nani hatakwenda na pikapu.

Dadako


Kambini, 17 Agosti

Dada,

Nilimsomea. Nilimsomea mara ya pili kwa sababu hakusikia vizuri. Mara ya tatu alisema, “Mpishi, sasa nisomee kimya, nataka kulala.”

Nimepewa likizo. Lori litanitoa hapa mwishoni mwa mwezi ujao, kisha treni, nitashuka stesheni Jumamosi ya mwisho ya Septemba, mchana. Nilitaka nije nyumbani kwa miguu, begi ni moja tu. Lakini nimefikiri. Njoo unipokee. Njoo nalo.

Usinipe funguo nikifika. Nitakuwa nimechoka na safari, na macho yangu yameharibiwa na jua la huku, na hizo kona sizijui vizuri. Endesha wewe. Siku nyingine yoyote tutaona, labda uwanja wa shule wakati hakuna watu, na wewe ukae pembeni, usimlete Shangazi. Ila siku hiyo endesha wewe.

Tia ile nzuri. Jaza mpaka juu. Nimemuuliza dereva wa lori, anasema ukitoka stesheni kuja kwetu unaweza kupita barabara ya kanisani.

Mdogo wako


Nyumbani, 4 Septemba

Mdogo wangu,

Naandika mbio, lori lenu lisiniache. Sote wazima, Mungu ametuhifadhi, tunakusubiri.

Kuna tatizo. Gari lina viti viwili, na mimi ni mmoja. Nilipomwambia Shangazi habari ya stesheni, alikwenda kukaa kwenye kiti chake humo uani na kufunga mlango, Jumamosi yenyewe ikiwa bado. Anasema kiti kile kimeshalijua goti lake. Anasema wewe una magoti mawili mazima, upande nyuma ya pikapu na begi lako. Nilimbembeleza. Nilimpelekea chai, akainywa humo humo. Mwisho shemeji yako akamwendea, akachuchumaa dirishani na kiuno chake kibovu, akamnong’oneza jambo refu. Nadhani lilikuwa habari ya geti.

Shangazi akaweka kikombe chini. Kisha akasema, “Alikuwa akilingurumisha uani tu miaka yote hiyo?” Akasema sawa, mlima mmoja tu. Mlima huo utakuwa wako, yeye atatusubiri juu na kwaya. Atakwenda na pikapu, mara moja katika maisha yake, na shemeji yako ameshamtengenezea ngazi ya mbao. Masharti ni haya: usiongee njia nzima, usishike mlango kwenye kona, na tukianza kupanda usikimbilie kushangilia. Ungoje mkono wake.

Tangi limejaa, ile nzuri, mpaka juu.

Glavu za Mzee nimezisafisha na kuzitia mafuta, zimelainika. Nitakuwa nimezivaa mimi.

Dadako